Amina Iliyoitikiwa Kinamasini

Jumatatu, tarehe tisa Machi. Manyunyu yalianza alfajiri, ingawa Idara ya Hali ya Hewa ya Jamhuri ya Tutaona ilikuwa imetangaza jua kali nchi nzima. Idara haikukosea, ilitii tu. Waziri alikuwa anakuja Kandoziwa, na itifaki inasema wazi kwamba siku ya mgeni rasmi mvua hainyeshi. Basi watu wa Kandoziwa, ambao ni raia wema, walitoka majumbani bila miavuli, wakalowa kwa utaratibu.

Nyanjige Masalu naye alilowa, ila yeye alilowa akiwa amepiga magoti. Alikuwa nyuma ya nyumba yake, pale ua unapokwisha na kinamasi cha Igogwe kinapoanza, akisali kama alivyosali kila asubuhi tangu awe mjane. Mbele yake mafunjo yalisimama marefu kuliko watu, vichwa vyake vya nywele vikiinama kwa uzito wa maji. Mafunjo hayo ndiyo yaliyomlea. Yeye na wanawake wenzake waliyakata, wakayakausha, wakasuka majamvi, na kwa majamvi hayo watoto wao walikula na kwenda shule. Chini ya mafunjo kulikuwa na chemchemi iliyonywesha mtaa mzima. Na leo, kabla ya adhuhuri, Nyanjige alitakiwa kuyamaliza yote hayo kwa mdomo wake mwenyewe.

"Bwana," alisema, "karatasi waliyonipa unaijua. Sikuletei habari mpya. Nimeapa kuisoma, na nitaisoma. Lakini kama una njia, hata kama ni nyembamba, mimi nipo hapa."

Mungu hakusema kitu. Chura mmoja alisema, lakini Nyanjige hakuwa mtu wa kupokea ufunuo kutoka kwa chura yeyote.

Inafaa kueleza hiyo karatasi. Katika Tutaona kila kikao cha serikali hufunguliwa kwa sala, kama ilivyo katika nchi nyingi zenye hofu ya Mungu na uhaba wa ajenda. Zamani, baada ya sala, wajumbe walipiga kura kwa kunyoosha mikono. Ikaonekana kwamba wengine wananyoosha mikono yote miwili, na wengine wananyoosha kuomba chai. Ndipo Bunge likapitisha Sheria ya Itikio: neno lolote litakalosemwa katika sala ya kufungua kikao, wajumbe wakaitikia "Amina", limepita. Halijadiliwi, wala halifutwi, isipokuwa na mdomo ule ule ulioliomba. Ilikuwa sheria nzuri sana. Vikao vilifupika na chai ikaja mapema.

Wizara hazikuchelewa kuona baraka iliyomo. Ziliajiri wanasheria wa kuandika sala. Kandoziwa bado wanaikumbuka ile iliyosema, "Ee Mungu, tunakushukuru kwa kumjalia Mkurugenzi gari jipya, ambalo atalipokea wiki ijayo." Watu waliitikia Amina, na wiki iliyofuata Mungu akaleta gari.

Nyanjige alikuwa Mwombaji wa Kamati ya Kutafuta Eneo. Walimchagua kwa sababu sauti yake ilifika mbali bila kipaza sauti, na kipaza sauti cha halmashauri kilikuwa kimeazimwa harusini na bado hakijarudi. Kusoma alijifunza ukubwani, katika madarasa ya jioni, hivyo alisoma kwa kidole, neno baada ya neno, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe.

Eneo lililotafutwa lilikuwa la Kituo cha Umma cha Maendeleo Endelevu, mahali ambapo wananchi wangefundishwa kutunza ziwa, mimea na hewa. Mwanzoni hakuna aliyejua maana ya "endelevu." Waziri, Mheshimiwa Pontiani Bugalama, alilifafanua redioni kwa sauti ya mtu aliyelala nalo. "Endelevu," alisema, "ni kile kinachoendelea. Kwa mfano, Kamati."

Kweli, Kamati iliendelea. Ilikuwapo kabla ya Waziri huyo na kabla ya yule aliyemtangulia. Hatimaye iliamua kuyatembelea maeneo matatu, na Nyanjige akaenda nayo ili afungue kila ziara kwa sala.

Kwanza walikwenda Kilima cha Mawe. Wajumbe walikitazama kutoka ndani ya magari. Katibu wa Kamati, Bwana Mugeta, mtu mwembamba aliyevaa tai hata akienda kuoga ziwani, alisema kilima kina kasoro kubwa ya kitaalamu: kipo juu.

Kisha walikwenda dampo la Kasenyi, ambako mji mzima hutupa taka. Kulikuwa na uwanja mpana, tambarare, karibu na barabara, na korongo wakubwa walikuwa wakipitapita juu ya taka kwa hatua za taratibu, mabawa yamekunjwa mgongoni, kama wakaguzi kutoka makao makuu.

"Kuna harufu," alisema mjumbe mmoja, vioo vya gari vikiwa vimefungwa.

"Lakini Kituo si ndicho kingetufundisha kuiondoa harufu?" Nyanjige aliuliza.

Walimtazama kwa huruma. "Mama," Mugeta alisema kwa upole, "mgeni rasmi atapigwa picha wapi?"

Mwisho walifika Igogwe. Upepo ulitoka ziwani. Wanawake wa majamvi, kwa kuwa mgeni ni mgeni, waliwakaangia sato na kuwasongea ugali, na wajumbe wakala mpaka wakalegeza mikanda. Hapo hapo, mikono ikiwa bado na mafuta, waliandika kwamba Igogwe imeshinda kwa mandhari, utulivu na upatikanaji wa samaki.

Mchoro wa Kituo ulikuja baada ya siku chache. Mafunjo yote yangekatwa na kinamasi kujazwa zege. Lakini mtu asiseme Serikali haijali: kwenye ukuta wa mbele yangechorwa mafunjo makubwa ya kijani, ili watoto wajue yalikuwaje, na spika zingetoa sauti za vyura kuanzia saa tatu hadi saa kumi, isipokuwa sikukuu.

Nyanjige alipotoka kusali asubuhi ile, alimkuta wifi yake Koleta mlangoni, amejifunika gunia la plastiki kichwani. Koleta alikuwa dada wa marehemu mumewe, na kwa haki ya uwifi hakuwahi kumwambia neno bila kulitia pilipili.

"Mwombaji wa Serikali!" aliita. "Umeamka? Au umeshalala na Serikali yenyewe?"

"Wifi, leo niache."

"Nikuache vipi? Unakwenda kututia zege kwa jina la Bwana. Hiyo karatasi hailowi? Hainyakuliwi na mbuzi?"

"Niliapa kusoma nitakachopewa. Nikiapa halafu nikadanganya, nitasali kwa mdomo gani kesho?"

Koleta alikaa kwenye rundo la mafunjo makavu. Sauti yake ilishuka. "Basi ukimaliza kusoma, ongeza lako. Waombee wahare. Waombee meno yatoke yote libaki moja la kuuma."

"Sala si manati, Koleta."

"Ni nini basi?"

Nyanjige alifunga kitenge chake vizuri. "Ada inataka nikishasoma ya karatasi niwaombee viongozi. Nitawaombea. Lakini nitawaombea mema. Yale yale mema ninayojiombea mimi na wewe, silipunguzi hata moja."

"Mungu wangu," alisema Koleta, "huyu wifi nilichaguliwa tu, sikumchagua mimi."

Turubai lilikuwa limefungwa ukingoni mwa kinamasi, na zulia jekundu lilitandazwa juu ya tope. Viti vya plastiki vilikuwa vya wajumbe. Mgeni rasmi alipewa kochi, tena kochi la kweli la mninga, lililobebwa na vijana wanane kutoka ofisi ya mkoa. Waziri, ambaye naye alikuwa mtu wa mninga, aliketi. Kochi lilitoa sauti ndogo kama mtoto anayenyonya.

Utambulisho ukaanza. Katika Tutaona utambulisho hutangulia sala, ili Mungu ajue nani amehudhuria. Mugeta alitambulisha waliokuwepo, kisha waliotuma udhuru, kisha waliotaka kutuma udhuru lakini hawakupata nafasi. Na wakati akitambulisha, kochi la Waziri lilikuwa likizama, polepole, kwa heshima zote.

Hapo pakazuka tatizo la itifaki, maana hairuhusiwi mtu yeyote kukaa juu kuliko mgeni rasmi. Kochi lilipozama kiasi cha shubiri, wajumbe walikunja migongo. Lilipozama mpaka kwenye mikono yake ya mbao, waliacha viti wakachuchumaa. Mugeta alipomaliza na wake za waliotuma udhuru, Kamati nzima ilikuwa imekaa topeni na suti zake, magoti yakigusa videvu, na Waziri akitabasamu kutoka chini kama kiboko aliyeridhika. Wanawake wa majamvi, waliokuwa nje ya turubai, walitazamana, na Koleta alilazimika kuuma kona ya gunia lake.

"Sasa," alisema Mugeta kutoka topeni, "tumkaribishe Mama Mwombaji. Na niwakumbushe kwamba Redio Tutaona iko nasi moja kwa moja."

Nyanjige alisimama. Mwombaji peke yake huruhusiwa kusimama, kwa sababu inaaminika hasemi na waliopo. Alifungua karatasi na kuweka kidole.

"Ee Mwenyezi," alisoma, akatua ili kutafuta neno linalofuata.

"Amina!" waliitikia wajumbe.

"Tunakushukuru kwa kuliteua... eneo la Igogwe..."

"Amina!"

"...lenye mandhari ya kuvutia wa... wawekezaji..."

"Amina!"

"...na kwa kuwapa wakazi wake moyo wa kuhama... kwa furaha."

"Amina!" lilinguruma turubai zima, na Mugeta akapiga muhuri.

Neno likawa limepita. Nyanjige aliyasikia mafunjo yakisuguana nyuma yake, akahisi kana kwamba amemsaliti mtu aliyesimama mgongoni mwake kwa kumwamini. Alikunja karatasi, akaiweka kwenye mfundo wa kitenge, akafumba macho.

Wajumbe nao walilegea. Sehemu ya mwisho, ya kuwaombea viongozi, ndiyo waliyoipenda kuliko zote, kwa sababu haikuhitaji kusikilizwa. Kila mtu alijua ni ya baraka. Walijiandaa kuitikia tu, kama watu wanaofungua mikono mvua ikianza.

"Baba," alisema Nyanjige, na sasa hakuwa na haja ya kidole, "nawaombea hawa viongozi wetu. Usiwafiche jema lolote ulilotupa sisi wadogo."

"Amina!"

"Sisi umetupa kukaa karibu na kazi ya mikono yetu. Na wao uwape vivyo hivyo. Popote kitakapojengwa Kituo hiki, uwajalie nyumba zao zihamie hapo, ukuta kwa ukuta, wao na wake zao na watoto wao."

"Amina!" Waziri alipiga ngumi kwenye mkono wa kochi, ambao haukuonekana tena.

"Sisi umetupa miguu yenye afya. Na wao uwape waende Kituoni kila siku kwa miguu yao, bila gari."

"Amina, Amina!"

"Sisi umetupa maji matamu ya chemchemi, chini ya mafunjo. Na wao uwape wanywe hayo hayo, wasinywe mengine, maisha yao yote."

Amina hiyo ya mwisho ndiyo iliyokuwa kubwa kupita zote. Iliwashtua ndege. Redio Tutaona iliipeleka mpaka mipakani.

Mugeta aliinua muhuri, akaanza kuushusha, akauacha hewani. Midomo yake ilikuwa ikirudia kitu polepole. Uso wake ulibadilika rangi kuanzia kwenye tai kwenda juu.

"Mheshimiwa," alinong'ona, "tumeitikia."

"Ndiyo, tumeitikia vizuri sana."

"Tumeitikia kuhama."

Kabla Waziri hajauliza nani anahama, simu yake ililia. Aliitoa kwa shida kutoka kwenye mfuko uliokwishazama, ikamponyoka kidogo, akabonyeza palipokuwa na tope, na sauti ya mkewe ikatoka kwa wote.

"Baba Deodata! Nimesikia redioni tunahamia kinamasini?"

"Mke wangu, niko mbele ya hadhara..."

"Nasalimia hadhara. Tunahamia kinamasini?"

"Hapana, hapana. Kinamasi kitajazwa zege. Pazuri sana. Kuna upepo."

"Na maji tutakunywa ya hapo?"

"Ya chemchemi, mama. Matamu."

"Hivi maji machafu ya mji mzima hayashuki kwenda huko huko Igogwe?"

Jambo hilo linajulikana na kila mtu Kandoziwa, hata wataalamu. Maji machafu huingia kinamasini upande wa juu yakiwa meusi, hupita katikati ya mafunjo bila haraka, na kutoka upande wa chini yakiwa meupe.

"Yanashuka," alikiri Waziri, "lakini mafunjo yanayachuja."

"Si ndiyo mnayakata?"

Chura, yule yule au ndugu yake, alisema neno moja. Kochi lilizama kidogo tena.

"Baba Deodata, nakuuliza kitu. Mmechora mafunjo ukutani. Yale ya ukutani yatachuja?"

Waziri aliitazama simu, akaitazama Kamati, na Kamati ikatazama tope. Kisha alimtazama Nyanjige kwa macho ya mtu anayemwona kwa mara ya kwanza, jambo lililokuwa rahisi, kwa kuwa sasa alikuwa chini sana kuliko yeye.

"Mama," alisema kwa sauti laini, "sheria inasema mdomo ulioomba ndio unaoweza kufuta. Hebu fumba macho kidogo. Mwambie Mungu zile baraka... azipunguze. Tutaridhika na chache."

Nyanjige alisikitika kwa dhati. "Mheshimiwa, nitaanzaje? Nimeshamwomba awatendee mema. Sasa nirudi nimwambie asiwatendee? Akiniuliza mmemkosea nini, nitasema nini?"

"Sema tu tumebadilisha mawazo."

"Kuwanyang'anya watu baraka ni dhambi, Mheshimiwa. Siwezi." Alifikiri kidogo, akapapasa mfundo wa kitenge. "Lakini hii ya karatasi haikutoka moyoni mwangu. Ni ya Wizara. Mimi niliipitisha mdomoni tu. Hii mkiniruhusu, naweza kumrudishia Bwana hata sasa hivi."

"Irudishe!" alisema Waziri.

"Irudishe!" iliitikia Kamati.

"Irudishe, mama, Mungu akubariki!" ilisema simu.

Nyanjige alifumba macho, akasema, "Bwana, Igogwe uiache kama ulivyoiumba." Wajumbe walikwisha kufungua midomo, lakini wakasita. Ilikuwa mara ya kwanza katika historia ya Tutaona kwa kamati kuisikiliza sala. "Rudia, mama," mmoja aliomba. Alirudia. Walitazamana, wakahakikisha hakuna kitu kilichofichwa ndani, ndipo wakaitikia kwa woga, mmoja mmoja, kama watu wanaoonja uji wa moto.

Nje ya turubai wanawake walipiga vigelegele. Koleta aliruka mpaka gunia likamtoka. "Wifi yangu! Huyo ni wifi yangu! Mie ndiye niliyemfundisha!"

Likabaki swali la wapi. Baraka zilikuwa bado zimesimama: popote Kituo kitakapokuwa, hapo ndipo wangeishi, wakitembea kwa miguu. Mtu alitaja Kilima cha Mawe. Waziri aliyatazama magoti yake, yaani pale yalipokuwa, akatikisa kichwa. Jina lililobaki hakuna aliyependa kulitamka. Mwishoni Mugeta alilisema kwa sauti ya chini, kama anayetaja ugonjwa.

"Kasenyi."

"Dampo?" alisema Waziri. "Nikae na taka, mimi?"

"Taka zinaweza kuondolewa, Mheshimiwa. Tunaweza kuzihamishia hapa Igogwe..."

"Maji, Mugeta! Maji!"

"Samahani, Mheshimiwa. Basi tutazichambua."

Vijana wanane walirudi wakamng'oa Waziri. Kochi lilikataa, likaachwa. Mpaka leo vyura hukaa humo bila itifaki. Msafara ulikwenda Kasenyi kwa miguu, maana sala ilikuwa imeanza kufanya kazi, na wanawake wa majamvi waliufuata nyuma. Manyunyu yalikuwa yameongezeka, na Idara ya Hali ya Hewa ilitoa taarifa kwamba jua linaendelea vizuri.

Waziri alisimama juu ya rundo la taka, kitambaa puani. Korongo walisogea kidogo kumpisha, wakamkagua. Alisema maneno mengi juu ya mustakabali na fursa, kisha katikati, harakaharaka, akaahidi kitu, kisha akarudi kwenye fursa. Alipomaliza alingoja Amina.

Hakuna aliyeitikia. Wajumbe walikaza midomo. Mtu aliyeungua uji hupuliza hata mtindi, na watu wa Tutaona walikuwa wamejifunza siku ile ile. Lakini ahadi isiyoitikiwa, kwa mujibu wa sheria, si ahadi, ni hotuba. Na hotuba Tutaona zipo za kutosha.

Koleta alimsukuma Nyanjige kwa kiwiko. "Wifi, ataondoka huyu. Sema."

Nyanjige aliinua mkono. "Mheshimiwa, utuwie radhi. Yale ya katikati hayakufika huku nyuma. Na sisi huku ndiko tunakokaa."

Waziri alimtazama. Alizitazama taka, akaitazama barabara ya kwenda Igogwe, na simu iliyokuwa bado hewani ikakohoa. Polepole aliondoa kitambaa puani.

"Mimi, Pontiani Bugalama," alisema, na safari hii alisema kwa sauti iliyofika kwa korongo wa mwisho, "mbele ya Mungu, mbele ya Kamati, mbele ya mke wangu anayenisikia, na mbele ya akina mama hawa wa majamvi, naahidi: taka hizi zitaondoka, na hazitapelekwa Igogwe. Kituo kitajengwa hapa. Nyumba ya kwanza kando yake itakuwa yangu. Maji nitakayokunywa ni ya chemchemi yenu, na mafunjo yanayoyachuja hayatakatwa na mtu yeyote ila mwenye kuyasuka."

Nyanjige Masalu, ambaye siku zote alikuwa wa kuomba na wengine wa kuitikia, alisikiliza mpaka neno la mwisho, akalipima, akaona limetimia.

"Amina," akasema.